VPN imeunganishwa, ping inajibu, lakini kurasa hazifunguki? Kagua MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, yaani kipande cha data, unaoruhusiwa)

Dalili hii huwapotosha wengi hadi wakaanza kubadilisha nywila bure. Kama ping ndogo (ujumbe wa kupima muunganisho) inapita ila faili kubwa au Remote Desktop inaganda, tatizo kwa kawaida ni ukubwa wa pakiti. VPN huongeza vichwa vyake (taarifa za ziada) juu ya kila pakiti, na njia nyembamba, hasa intaneti ya simu au PPPoE (aina ya muunganisho wa intaneti ya waya), huzitupa zinazozidi kimya kimya.

Zima VPN kwanza, kisha kwenye Windows andika:

ping -f -l 1472 anwani-ya-seva-ya-VPN

(Linux: ping -M do -s 1472 anwani-ya-seva-ya-VPN) Ikigoma, punguza kumi kumi hadi ipite. Seva yenyewe ikiwa imezuia ping, jaribu 8.8.8.8 (seva ya Google), ingawa njia yake huenda ikatofautiana kidogo. Namba iliyopita ongeza 28 (vichwa vya ping yenyewe), ndiyo MTU ya njia. Kwa WireGuard (aina ya VPN) toa 80: ikipita 1412, una 1440, hivyo weka MTU = 1360 chini ya [Interface] kwenye faili la mipangilio ya WireGuard, kisha zima na uwashe VPN upya. Ukiwa na haraka weka 1280. Kasi itapungua kidogo tu.