Ukienda hifadhi ndogo ya pwani, angalia maji kabla ya saa ya geti

Wengi wanauliza geti linafunguliwa saa ngapi, wanafika, wanakuta tope tupu na vidoadoa vya ndege kule mbaaali, wanarudi wanasema hamna kitu. Shida ni maji. Ndege wa ufukweni wanakula maji yakiwa yamekupwa, wanatawanyika topeni wanachokoa minyoo na vijikaa, halafu maji yakianza kujaa yanawasogeza mdogo mdogo mpaka karibu na nchi kavu, so we fika kama masaa mawili kabla hayajajaa kabisa, chagua sehemu moja ukae utulie, watakuja wenyewe. Ratiba ya maji unaipata kwenye simu ila usitumie ya juzi, kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali sana na yakirudi yanarudi kwa fujo, kwa hiyo usijifanye jasiri ukatembea katikati ya tope, watu wanazingirwa hivi hivi.

Darubini ya 8x42 inatosha. Hiyo 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita, na ukikimbilia ya 12 mkono ukitetemeka kidogo tu huoni kitu. Kumtambua ndege, anza na mdomo kabla ya rangi maana rangi zenyewe zinachanganya hata wazoefu: mrefu unazama chini kabisa kufuata minyoo, mfupi unadonoa vya juu juu, ndo maana utawaona aina tano sehemu moja na hawagombani. Wakiacha kula wakainua vichwa wote, umesogea mno, rudi nyuma taratibu. Wakiruka ushaharibu, maana wengine hapo wanajaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita hadi Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, wanakotagia, na kila mruko unakula hayo mafuta.

Kaa ni rahisi, chuchumaa karibu na mashimo usitikisike dakika kumi, watatoka. Makombe acheni jamani, duvi, yule kaa mdogo anayebeba kombe, tumbo lake ni laini halina gamba gumu, anahamia humo.

Viatu vya kufunga, ndala tope litazimeza. Mbwa abaki nyumbani.

Na kama kuna kasa wanaotaga, usiku, zima tochi na flashi ya simu, vitoto vikitoka mchangani vinafuata mwanga, vitakufuata wewe badala ya bahari.