Lochi mpya kabadilika rangi? Usikimbilie dawa, mwangalie kwanza

Hii nawaandikia nyinyi mnaoletewa samaki wa mapambo kwa boti kutoka Dar, mana naona watu wengi wanapoteza lochi wiki ya kwanza tu na wengine wanauliwa na dawa wala si maradhi. Nazungumzia klauni lochi, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeusi.

Mie wangu wanne niliwapokea bandarini Malindi, hapa Unguja, jioni, nikawatia kwenye tenki, usiku namulika tochi namuona mmoja kapauka mwili mzima, ile rangi ya chungwa imekuwa kama chai ya maziwa na mikanda imegeuka jivu. Chupa ya dawa nishaishika mkononi. Nikasema ngoja nimuangalie kidogo, kumbe yuko na mwenzake wanazungukana mbavu kwa mbavu na sauti inasikika mpaka nje ya kioo, tik, tik, tik. Asubuhi wote wanang'ara. Lochi wakigombania ukubwa hupauka hivo na rangi inarudi yenyewe wakishatulia, kwa hiyo akipauka lakini mapezi kayasimamisha, anapumua vizuri na anakula, muache. Hata ukimkuta kalala ubavu kama maiti usishtuke, ndo kulala kwao. Ila wafuge watano au zaidi, akiwa peke yake anakaa na hofu kila siku na mwenye hofu ndo anaeumwa.

Na ukiona mapezi ya chini ya tumbo yana weusi wakati wa jirani yako ni mekundu matupu, hayo si maradhi, ni asili yao tu, wa Borneo wana weusi pale na wa Sumatra wanakuwa wekundu.

Sasa ya kuogopa ni vidoa vyeupe kama chenga za chumvi, vinaanza kwenye mapezi na mkia, samaki anajisugua kwenye mawe. Lochi magamba yake ni madogo mno, ndo mana mara nyingi huyu anapata kabla ya wengine wote humo ndani. Kile kidoa ni mdudu kajificha chini ya ngozi na hapo dawa haimfikii kabisa, anakula, anashiba, anadondoka chini kwenye mchanga, anajigawa wanatoka mamia, halafu hao wadogo wanaogelea kutafuta samaki na wasipompata kwa siku mbili hivi wanakufa. Dawa inawaua hao wanaoogelea tu, na joto linaharakisha wale wa ngozini wadondoke upesi. Kwa hiyo vidoa vikipotea siku ya nne usiache, endelea wiki moja nyengine baada ya kidoa cha mwisho, wengi wanaacha hapo kisha wanasema dawa ilikuwa feki.

Pandisha joto mpaka 30, taratibu, digrii moja kila baada ya masaa kadhaa. Wakati wa kaskazi maji yetu yanafika 29 bila hita, ila kusi likivuma mwezi wa saba usiku yanashuka, hapo hita lazima. Maji moto yanashika hewa kidogo, basi pampu ya hewa isizimwe, na umeme ukikatika chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, endelea hivo. Kila siku fyonza uchafu wa mchangani kwa mrija, wale waliodondoka unawatoa na maji. Dawa tia nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na makaa ya filta toa kwanza, mana yanafyonza dawa. Dawa zenye shaba mie siwatilii lochi kabisa.

Mengine kwa ufupi. Michirizi myekundu kwenye mapezi na samaki anavuta hewa juu ya maji, maji yamechafuka, badilisha thuluthi leo leo. Vumbi la dhahabu ukimulika tochi kwa ubavu, huo ni ugonjwa mwengine wa vijidudu na unaua haraka. Mgongo mwembamba kama kisu na tumbo limeingia ndani huku anakula, huyo ana wadudu wa tumboni, muone daktari wa mifugo akupimie dawa kwa lita za tenki lako, usikisie kwa jicho.

Maji yenyewe jamani. Ya bomba yalaze siku nzima na pampu ikivuma, klorini itoke. Ya kisima yaonje kwanza, karibu na pwani vingi vina chumvichumvi, na kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe kwa hiyo maji ni magumu, yana chokaa nyingi, wakati lochi katoka kwenye mito ya maji laini, basi mzoeshe kwa kutia kikombe kimoja kimoja kwenye mfuko wake hata saa nzima.

Wageni wakae tenki la peke yao wiki tatu. Siku ya kuwahamisha tumia kopo, sio wavu, chini ya jicho lochi ana mwiba anaufyatua akiogopa na unanasa kwenye nyuzi. Ukishanasa kata wavu kwa mkasi, usimvute.