Kutoka 100 kwenda 250 kwenye milima ya Pemba

Msimu wa karafuu ukimalizika na watu wakishalipwa, ndipo vijana wa huku Pemba wanapobadilisha pikipiki. Mwaka huu zamu imefika nyumbani kwetu. Mtoto wa kaka yangu alikuja Ijumaa baada ya sala, akakaa barazani, akanywa maji, kisha akasema: "Shangazi, Chake Chake kuna Honda 250, mwenyewe anaiachia. Nikaichukue?" Ana mwaka na miezi miwili juu ya Boxer ya 100. Namba hizo ni ukubwa wa mashine, yaani cc.

Sikumkataza. Mimi mwenyewe niliihama 100 nikapanda 250 kwa ajili ya kazi. Ni muuguzi, na siku za chanjo nafunga boksi la barafu kwenye keria nikatoka Wete kwenda vijiji vya Micheweni, kwenye njia ambazo baada ya mvua 100 inalia tu, haiendi. Huu ni mwaka wa saba nipo na hiyo 250. Kwa hiyo nilimwambia akae tuzungumze, na haya ndiyo tuliyozungumza, pamoja na mengine yaliyonijia alipokwisha kuondoka.

Nilianza kwa kumuuliza anaitakia nini. Kama safari zako ni Machomanne, sokoni, Wesha na kurudi, 100 inakutosha na mafuta inakunywa kidogo. Kama shida yako ni mlima ukiwa umempakia mtu, angalia 125 au 150 kabla hujafikiria 250. Umbo ni lilelile ulilolizoea, kimo kilekile, na vipuri vyake viko kila duka. Mimi naona vijana wengi wanaotafuta 250 wangetosheka na 150. Kipuri cha Honda ya 250 iliyotoka Japani mara nyingi unakiagizia Unguja au Dar, na mpaka kifike unakwenda kwa miguu. Lakini kama una safari ndefu, mzigo, na njia za shamba zenye mawe na udongo, hapo 250 ina kazi yake.

Watu hukutisha kwa uzito. Ukweli ni kwamba uzito haujapishana sana, zote zinacheza kwenye kilo mia na kitu. Kinachobadilika ni mambo mawili. La kwanza ni kimo. Kiti cha Honda XLR au XR ya 250 kiko kama sentimita 87 au 88 kutoka chini, na uzito wote umepanda juu pamoja nacho. Ukisimama kwenye mteremko na mguu mmoja ukakosa ardhi, chombo kinalala na huwezi kukizuia. Kwa mtu mfupi kama mimi Yamaha Serow inafaa zaidi, kiti chake ni kama sentimita 81. Kaa juu ya chombo, viatu ulivyovizoea miguuni, nyayo zote mbili chini. Ukigusa kwa ncha za vidole tu, tafuta chengine.

La pili ni nguvu. Ile 100 ina nguvu ya farasi kama 8. Honda ya 250 ina karibu 28. Mkono wako wa kulia umezoea kuminya mafuta mpaka mwisho ndipo chombo kipande mlima. Ukiuleta mkono huo huo kwenye 250, utajikuta uko konani kabla hujajua unaiingia vipi.

Siku ya kwenda kuiangalia, nenda asubuhi bila ya kumwambia mwenyewe ni saa ngapi, na uguse mashine kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha ili kuficha tabu ya kuwaka, na hapo muombe urudi kesho. Ikiwaka, tazama ekzosi: moshi wa buluu maana yake inakula oili. Keti uisukumesukume mbele chini huku umebana breki, kisha pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele, zikiwa na oili, sili zimekwisha. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo, iliyolegea inatoa sauti nzito iliyokufa. Chungulia chini ya kiti na nyuma ya betri, maana hewa yetu ya chumvi huanza kula huko kabla haijaonekana nje. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Zikipishana hata moja, ondoka.

Na tairi. Pikipiki nyingi za Japani zinafika na tairi zenye meno mazuri lakini kuukuu. Ubavuni pana tarakimu nne ndani ya alama iliyo kama yai. Ukikuta 2314, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huo umekuwa mgumu, kwenye lami iliyorowa haushiki. Kwa hiyo pesa zako zigawe mafungu manne, ununue kwa matatu, la nne liweke kwa tairi, cheni, pedi za breki na helmeti. Asiyebakisha fungu hilo huendesha mwaka mzima juu ya tairi la mwenziwe.

Sasa gia, na hapa nilimwambia asikilize kweli. Ile 100 yangu gia zote nne zilikuwa za kukanyaga kwa mbele. Kwenye 250 unakanyaga chini kwa ya kwanza, nyengine zote unainua kwa juu ya kidole, na fri, yaani pale ambapo hakuna gia iliyoshika, iko katikati ya moja na mbili. Nililijua hilo, nilielezwa na fundi nikaitikia. Lakini mguu haukuwa umeelezwa. Wiki ya kwanza, kwenye mteremko mmoja kati ya Chake na Mtambile, nilikuwa gia ya tatu, nikataka ya nne, mguu ukakanyaga kama siku zote. Ikaingia ya pili. Tairi la nyuma lilipiga ukelele, mkia ukaenda kulia, ukaja kushoto. Nilibana klachi, na hiyo ndiyo iliyoniokoa baada ya Mungu, kwa sababu klachi ikibanwa tairi linaachiwa huru na mashine. Nilisimama pembeni nikakaa chini ya mwembe mpaka magoti yakatulia.

Kwa hiyo, kabla hujaingia barabarani, weka chombo kwenye stendi nyumbani, mashine imezimwa, uzungushe tairi kwa mkono huku unabadilisha gia, ukisema kwa sauti: moja chini, mbili juu, tatu juu. Fanya kila jioni kwa wiki. Na jizoeze kubana klachi kila unapostuka, chochote kile kiwe.

Mazoezi ya kweli nilifanyia kwenye uwanja wa nje pale Gombani, asubuhi mapema kabla ya watu. Siku ya kwanza usiwashe kabisa. Isukume kwa mikono, izungushe kulia na kushoto, ilaze kidogo kidogo upande wako mpaka usikie pale inapotaka kukushinda, kisha irudishe. Mwili ukishapajua mahali pale, hutaduwaa siku itakapolalia. Siku ya pili washa, uende mwendo wa mtu anayetembea kwa klachi tu, bila ya mafuta. Weka makumbi ya nazi mawili, uzunguke kwa mfano wa nambari nane. Ukiyazunguka mara kumi bila ya kushusha mguu, umeanza kukielewa chombo.

Kisha breki, na hizi zipe siku nyingi kuliko kitu chochote. Wengi wetu tumelelewa na maneno kwamba breki ya mbele inaangusha, basi tunakanyaga ya nyuma tu. Kwenye 100 ya mwendo mdogo unaponea. Kwenye 250 huponei. Unapobana breki uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi, halina tena cha kushikia. Sehemu kubwa ya kusimama inatoka mbele. Kinachoangusha ni kuikamata kwa ghafla, hasa ukiwa umetoka kwenye breki za dramu ukaingia kwenye diski, ambayo inauma mara moja. Vidole viwili viguse kwanza, vingoje shokapu zishuke, ndipo vikaze, kama unavyokamua chungwa. Nyuma ni kusaidia tu. Anza kwa mwendo wa 20, halafu 30, halafu 40, ukisimamia kwenye kumbi ulilowekea alama.

Halafu pima kwa hatua. Nilimpimia mpwa wangu kwa miguu pale uani ili aone. Kwa mwendo wa 40 unakwenda mita 11 kila sekunde. Kwa 80 ni mita 22, na hizo zinakwisha kabla kidole hakijagusa breki, wakati bado unashangaa mbuzi. Baada ya hapo, ule urefu wa kusimama wenyewe hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Alitazama pale nilipofikia, karibu na kisima, akanyamaza.

Ukitoka, usianze na njia ya Mkoani. Upande wa magharibi wa kisiwa ni vilima na kona, kilima kinapokezana na kilima. Upande wa mashariki ardhi ni tambarare zaidi, kwa hiyo wiki mbili za kwanza nenda Vitongoji, nenda Micheweni. Ukija milimani, kumbuka kwamba ukiachia mafuta kwenye 250 mashine inavuta nyuma kwa nguvu. Kwenye mteremko mkavu hiyo ni rehema, gia ya tatu au ya pili inakushusha bila ya kuchosha breki. Lakini ukiachia kwa ghafla katikati ya kona iliyorowa, ni sawa na kukanyaga breki ya nyuma. Punguza mwendo kabla ya kona, shika gia yako kabla ya kona, ndani ya kona mkono utulie.

Na barabara zetu zina mambo yao. Wakati wa karafuu watu wanaanika pembeni, majamvi mpaka juu ya lami, na upepo unazitawanya. Karafuu kavu chini ya tairi zinabiringika kama gololi, makonyo, yaani vijiti vyake, hali kadhalika. Ukiziona, usibane breki ukiwa juu yake na usiinamishe chombo. Nyooka, klachi, pita polepole. Hata ukiwa mnyoofu, chukua upande wa mbali, ile ni mali ya mtu na jasho la nyumba nzima. Masika gari za shamba zinabeba udongo mwekundu mpaka kwenye lami, na manyunyu ya mwanzo ndiyo mabaya kuliko mvua kubwa, kwa sababu yanautia utelezi bila ya kuuosha. Alasiri watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa, wanavuka bila ya kutazama. Ramadhani, ile nusu saa kabla ya magharibi, kila mtu anakimbilia futari. Mimi wakati huo nasimama popote nilipo, hata kama nitafuturu kwa tende na maji kwenye kibanda cha mtu.

Mavazi hayana maneno mengi. Helmeti ifungwe kamba, iliyowekwa tu kichwani inaruka kabla yako. Viatu vya kufunika kifundo, ndara hapana. Kwa wanawake wenzangu: suruali ndani, na buibui ulikusanye ulikalie, ncha isining'inie upande wa cheni. Kwenye Honda hizi ekzosi iko kulia, na alama niliyonayo kwenye shavu la mguu niliipata kwa kushukia upande huo. Karatasi nazo zitimie kabla ya safari ya kwanza, yaani kadi kwa jina lako, bima, na leseni inayokuruhusu pikipiki.

Cheni itazame kila Ijumaa. Ukiishika katikati kwa chini ipande na kushuka kama sentimita tatu mpaka nne. Ikikaza sana inakula beringi, ikilegea sana inaruka sproketi, na kwenye 250 inapokatika inakatika kwa nguvu.

Mwisho aliniuliza lini atampakia mama yake ampeleke Wete. Nilimwambia mwezi mzima peke yake. Kisha afunge nyuma gunia la mchele la kilo 25, ashuke nalo na kupanda nalo, asimame nalo mlimani na aondoke bila ya kurudi nyuma, asikie mbele panavyokuwa pepesi na breki zinavyochelewa. Halafu kilo 50. Mchele hauogopi na haujipindui kwenye kona. Akishalizoea gunia, ampakie mtu mzima mwenye kujua pikipiki, amwambie ashike kiunoni, magoti yabane, na kwenye kona aangalie bega la dereva la upande ule wanaopindia. Mama yake aje baada ya huyo, na mara ya kwanza iwe asubuhi, barabara kavu, mpaka Ole tu na kurudi.