SOMO: Neno "hustle" lilitoka wapi, na namna ya kufuatilia asili ya neno lolote la Kiingereza

Wakuu, salaam. Swali ni lilelile kila mara: "hustler" ni mchapakazi au tapeli? Mmoja anasema ni sifa, mwingine anasema ni tusi, wa tatu analeta maana aliyoiokota kwenye picha ya WhatsApp. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka njia nzima hapa. Mfano ni "hustle", lakini ukiishika njia utaweza kufuatilia neno lolote.

Hatua ya 1. Andika neno kwa tahajia yake ya Kiingereza. Ukitafuta "hasla", "hasola" au "haso" kamusi haitakupa kitu.

Hatua ya 2. Fungua kamusi mbili, si moja. Merriam-Webster na Etymonline ni bure. Oxford English Dictionary ndiyo yenye kina kuliko zote lakini ni ya kulipia. Ulizia maktaba ya chuo, huenda wana usajili.

Hatua ya 3. Chukua karatasi, andika kila maana na mwaka ilipoonekana kwa mara ya kwanza, ukianzia wa zamani.

Hapa ndipo neno linapofunguka. "Hustle" iliingia kwenye Kiingereza miaka ya 1680 kutoka Kiholanzi, ambako "hutselen" au "husselen" ni kutikisatikisa. Kile kipande cha "-el-" kinaonyesha tendo linalorudiwa, kama sisi tunavyorudia shina tukasema tikisatikisa, sukumasukuma. Mholanzi wa leo akichanganya karata bado anasema "husselen". Waingereza walilipokea neno kwenye kamari ya sarafu. Wachezaji wanarusha sarafu kulenga alama. Ambaye yake imelala karibu zaidi anazikusanya zote, anazitia kwenye kofia, anazitikisa, anazimwaga, na zilizoangukia upande wa kichwa ni zake. Zilizobaki anachukua aliyefuata kwa ukaribu, naye anatikisa. Mchezo uliitwa "hustle-cap", na cap ni hiyo kofia.

Kufika 1751 kinachotikiswa si sarafu tena, ni mtu: kumsukuma, kumbana huku na huku. Anayebanwa kwenye msongamano ndiye anayeibiwa, kwa hiyo mwaka 1825 tunakuta "hustler" ni mwizi, wa lile kundi linalokuzonga huku mkono wa mmoja wao uko mfukoni mwako. Aliyewahi kugombania daladala Kariakoo jioni hahitaji kuelezwa. Mwaka 1840, huko Marekani, neno linakuwa kujipatia kitu upesi kwa ujanja. Halafu miaka ya 1880, reli zimeenea na mawakala wa mauzo wanazunguka mji kwa mji, linazaa mapacha: "hustler" mtu mwenye bidii, na "hustle" kuuza kwa kumng'ang'ania mteja mpaka atoe hela, maana inayoonekana mwaka 1887. Mwaka 1924 "hustler" ni anayeuza mwili. Kwenye kumbi za pool likashika kwa yule anayejifanya hajui kucheza mpaka dau lipande, ndipo anaonyesha mkono wake. Na "side hustle", hii tunayoiona leo kila mahali, imekuwepo tangu miaka ya 1950.

Sasa isome karatasi yako kutoka juu hadi chini: kutikisa, kusukuma, kuiba kwa kusukuma, kupata kwa ujanja, kuuza kwa kusukuma, kupambana na maisha. Hakuna maana iliyofukuzwa na iliyokuja baada yake. Zote zinaishi nyumba moja hadi leo, ndiyo maana mnabishana.

Hatua ya 4. Tazama kitenzi kinabeba nini mbele yake. Kikibeba mtu, "he hustled me", huyo analalamika: kasukumwa au katapeliwa. Kikibeba bidhaa, "he hustles phones", anauza kwa kung'ang'ania, na mara nyingi kuna shaka simu zimetoka wapi. Kikisimama peke yake, "he hustles", anajituma, anatafuta riziki. Kocha wa basketi akipiga kelele "hustle!" anataka wachezaji waukimbilie mpira. Nusu ya ugomvi unaoletwa kwangu ungeisha kwa hatua hii tu.

Hatua ya 5. Usidanganywe na sauti. Hii hatua nilishawahi kuivuruga, kwa hiyo naomba isomwe polepole.

Ukisikia "hustle", mtu anayejua Kiswahili cha pwani anakumbuka kitenzi chetu "hasili", yaani kupata, kuvuna, na nyuma yake kuna "hasala" ya Kiarabu. Sauti zinafanana, maana zinakaribiana, moyo unasema tayari. Ngoja. Maana ya kupata haikuwepo neno lilipoingia Kiingereza. Ilikuja zaidi ya miaka 150 baadaye, tena ng'ambo ya bahari, Marekani. Mwaka 1680 na kitu neno lilikuwa kutikisa, na kutikisa hakumo kwenye shina la Kiarabu. Pili, hakuna kituo cha katikati. Neno likisafiri huacha nyayo. Kahawa, kwa mfano, ilitoka "qahwa" ya Kiarabu, ikawa "kahve" kwa Waturuki, "koffie" kwa Waholanzi, ndipo ikawa "coffee" kwa Waingereza, na kila kituo kina maandishi yake. Kwa "hustle" kituo kilichopo ni Uholanzi peke yake.

Tahadhari nyingine tatu, zote za hatua hii:

Kufanana kwa maneno mawili si ushahidi. Waajemi wana neno "bad" lenye maana ya ubaya, sawasawa na "bad" ya Kiingereza, kwa sauti na kwa maana, na hayana undugu wowote.

Ukiona mtu amechukua kila herufi ya neno akaitengenezea neno lake, H ni hivi, U ni vile, achana naye. Mtindo wa kuunda maneno kwa herufi za mwanzo ulienea karne ya 20. Neno la karne ya 17 halikuzaliwa hivyo.

Na asili ikishajulikana, usiigeuze hukumu. Kwamba "hustler" alikuwa mwizi mwaka 1825 hakumfanyi kijana anayeuza maji ya chupa Ubungo leo kuwa mwizi.

Hatua ya 6. Rudi kwa watu wanaolitumia sasa. Kenya ndiko neno hili lilikofika juu kabisa. Kwenye uchaguzi wa Agosti 2022 William Ruto alijinadi kwa "hustler" dhidi ya "dynasty", yaani koo za watawala, chama chake cha UDA kikiwa na alama ya wilbaro na kauli ya "Kazi ni kazi". Tarehe 30 Novemba mwaka huo ukazinduliwa Hustler Fund, mkopo wa kwenye simu wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Wafuasi walimaanisha mtu wa jasho lake. Wapinzani wakashika upande wa utapeli. Kila upande ulikuwa na maana ya kweli mkononi. Kwa hiyo ukifasiri habari ya Kenya, tazama nani anasema. Kwa Mtanzania mimi naandika "mpambanaji" au "mtafutaji" panapokuwa na sifa, na "tapeli" panapokuwa na lawama. Neno moja la kubeba yote mawili sijalikubali bado.

Maswali karibuni.

---

Kipepeo255: Mkuu kwa hiyo hustler ni mwizi au sio mwizi? Jibu moja tu.

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 4.

Kipepeo255: Sina muda wa kusoma yote hayo.

Mwandishi: Basi niletee sentensi ulikolikuta. Neno likiwa peke yake silijibu.

Mwana wa Lamu: Ndugu yangu, hapo kwenye hatua ya 5 umekosea. Kiarabu kimeingia kila lugha. Hasala, hustle, mtoto mdogo anaona.

Mwandishi: Kaka, sijasema Kiarabu hakikuingia kwenye Kiingereza, na mfano wa kahawa nimeutoa mwenyewe. Ninachodai ni maandishi. Nionyeshe mahali popote kabla ya miaka ya 1680 ambapo "hasala" imepita kwa Waholanzi au Waingereza ikiwa na maana ya kutikisa. Ukiyaleta nitaibadilisha hatua hiyo leo leo.

Mwana wa Lamu: Maandishi sina, ila akili inakubali.

Mwandishi: Na ya wengi inakubali, ndiyo maana nimeiandikia aya ndefu.

Binti Tanga: Shikamoo kaka. Somo zuri sana. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, wanafunzi wananiuliza kwa nini "t" haisikiki. Je, ilikuwepo zamani ikafa?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri. Kwenye maneno mengi ya namna hii iliwahi kutamkwa, kama "castle" na "whistle". Konsonanti tatu zikibanana, s-t-l, ulimi unaiangusha ya katikati, na tahajia ikabaki ilivyokuwa. Kwa "hustle" kuna nyongeza: Waholanzi walikuwa na "ts", hutselen, na Waingereza wakazipindua zikawa "st". Wape wanafunzi waorodheshe yote wanayoyajua: listen, fasten, jostle, wrestle, bustle. Kisha waonyeshe kwamba kwenye jostle na wrestle ile "-le" ya mwisho inafanya kazi ileile ya kurudiarudia tendo. Sisi tunaandika kinachosikika, ndiyo maana "hasla" haina "t".

Binti Tanga: Nimeelewa kabisa, ahsante sana. Kesho nawapa kama zoezi.

Fundi Redio Mwanza: Na "hawker" je? Nilisoma mahali kwamba ni kutoka "hawk", mwewe, kwa sababu wachuuzi wanamnyemelea mteja kama mwewe.

Mwandishi: Hapana mkuu, hayo ni maneno mawili tofauti yaliyokutana kwenye tahajia. Mwewe ni neno la Kiingereza cha kale, "hafoc". Mchuuzi alitoka kwa Wajerumani wa kaskazini, "höker", mtu wa biashara ndogondogo, na "huckster" ni wa ukoo huohuo. Kitenzi "hawk" cha kutembeza bidhaa kilitolewa baadaye kwenye "hawker". Ukitaka jingine la kutoka kwa Waholanzi, chukua "bosi". Sisi tulilipata kwa Waingereza, nao kwa Waholanzi, "baas". Bosi na hasla wametoka nchi moja.

Fundi Redio Mwanza: Hiyo ya bosi sikuijua kabisa. Ubarikiwe.

Mkazi wa Ilala: Wakuu, kwa kuwa tumefika kwa wachuuzi. Machinga ni "marching guys", si ndiyo? Kwa sababu wanatembea siku nzima.

Mwandishi: Sivyo. Wamachinga ni kabila, kwao ni mkoa wa Lindi. Vijana wa Lindi na Mtwara walikuja Dar es Salaam wakitembeza bidhaa mkononi, jina la watu likawa jina la kazi. Hiyo ya "marching guys" ilitungwa baadaye na mtu aliyeongozwa na sauti. Ni hatua ya 5 ileile.

Mkazi wa Ilala: Babu yangu mzaa mama ni Mmachinga wa huko na sikuwahi kuunganisha. Basi na mpiga debe aongezwe, maana huyo ndiye hustler wa stendi. Alikuwa anapiga debe la bati kweli, abiria wasikie.

Mwandishi: Ahsante, hilo ni pacha zuri. Lenyewe lilianza na kelele za bati, leo mtu anampigia debe mgombea bila debe.

Kipepeo255: Mkuu nimerudi. Sentensi ni hii, nimeandikiwa na ndugu yangu aliyeko Uingereza kuhusu kiwanja: "Don't let the agent hustle you into signing."

Mwandishi: Sasa tunaongea. Kitenzi kimebeba mtu, "you", halafu kuna "into signing". Ndugu yako anasema usikubali dalali akuharakishe utie saini kabla hujatafakari. Hapo ndipo kuuza kwa kusukuma kulipo. Hamwiti mwizi, anakuambia anakubana. Usisaini kabla hujakagua hati.

Kipepeo255: Duh, na kweli ananipigia kila saa. Shukrani mkuu.

Msomaji wa Usiku: Nimejaribu hatua ya 3 mwenyewe kwenye vitabu vya zamani vya Google Books. Kwa miaka ya 1700 napata vichache sana. Nakosea wapi?

Mwandishi: Hukosei, ni herufi. Vitabu vya wakati ule vilipiga chapa "s" ndefu inayofanana na "f", na mashine inaisoma kama "f". Tafuta "huftle".

Msomaji wa Usiku: Yamefunguka! Kuna kurasa nyingi.

Mwandishi: Vizuri. Jaribu na "buftle" na "joftle" kwa njia hiyohiyo. Jambo jingine: usinakili mwaka unaouona kwenye orodha ya matokeo. Majarida mara nyingi hupewa mwaka wa toleo la kwanza, hata kama ukurasa wako ni wa miaka 40 baadaye. Fungua ukurasa wa jina la kitabu, soma mwaka uliopigwa chapa pale, ndio uandike. Na kwa magazeti ya Marekani ya miaka ya 1880 tumia Chronicling America ya Library of Congress, ni bure, na picha ya ukurasa mzima unaiona na tarehe yake juu.