Chupa inayosikia amri: mazingaombwe ya kufundishia kanieneo ya hewa

Walimu wenzangu, joto la Dar likishapanda saa saba mchana, neno "kanieneo", yaani msukumo kwenye kila kipande cha eneo, huzima darasa kuliko mgao wa umeme. Siku hizi sianzi na maana ubaoni. Naanza na mazingaombwe, maana hakuna mtoto asiyetaka kumuumbua mwalimu.

Tafuta chupa ya soda ya nusu lita, ile ya plastiki ngumu. Za maji ya kunywa nyingi ni laini mno. Ukiwa nyumbani, si mbele ya wanafunzi, pasha msumari mwembamba moto, utoboe tundu moja ubavuni, vidole viwili juu ya kitako. Lisizidi milimita 3. Lizibe kwa kidole, jaza maji pomoni, kaza kifuniko, kisha achia. Yatadondoka matone machache, halafu kimya.

Darasani shika chupa shingoni. Ukiiminya tumboni maji yatachuruzika na umeumbuka. Mkono wa pili uweke juu ya kifuniko kama unaiombea dua. Sema "Mwagika!" huku ukilegeza kidogo: maji yanaruka. "Simama!" kaza. Weka beseni chini. Mimi siku ya kwanza nilisahau, nikalowesha madaftari ya dawati la mbele.

Usiwape jibu. Wapokezane chupa wenyewe mpaka mmoja akigundue kifuniko. Hapo ndipo chaki inaingia. Hapa pwani hewa inasukuma kwa takriban paskali 101,000, kama kilo moja kukalia kila sentimeta ya mraba. Maji ya kina cha sentimeta 20 yanasukuma kwa paskali 2,000 hivi tu. Kifuniko kikikazwa, hewa ya nje inayazuia tundoni. Kikilegezwa, hewa inasukuma kutokea juu pia, misukumo miwili inafutana, na uzito wa maji unabaki peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi wangu anashikilia kwamba chupa "inayavuta" maji. Nimwambieje?
Wengi hukwama hapo. Hewa haivuti, inasukuma. Muulize: mangi akifungua kopo la mafuta ya kula hutoboa matundu mawili. Moja la kumiminia, la pili la nini? Mwache ahangaike nalo hadi kesho.

Nimetoboa kwa kisu, maji hayakomi.
Tundu ni pana. Hewa inapenya upande mmoja, maji yanatoka upande mwingine. Kwenye tundu dogo uso wa maji hujikaza kama utando na kuizuia. Tafuta chupa nyingine.

Juu ya Kilimanjaro ingekubali?
Ingekubali. Kwenye meta 5,895 kanieneo ni karibu nusu ya hii yetu, na nusu hiyo bado inayashinda mbali maji ya chupa. Ila kwa baridi ya kule, huenda yakagoma kumwagika hata ukifungua kifuniko.