Kusafisha mipira ya pampu ya zege bila kuumiza mtu

Slabu ikishajaa na mafundi wakaanza kupiga rula, ndani ya mipira, yaani mabomba laini ya kupitishia zege, bado kuna zege, na zege hilo bado limebanwa. Klampu, kile kibano cha chuma kinachounga vipande vya mipira, ikifunguliwa muda huo, kokoto na uji wa saruji hutoka kwa kasi ambayo hakuna anayeikwepa. Mpira ukiwa umeingiwa na hewa, hali ni mbaya zaidi. Hewa iliyobanwa ikipata upenyo, ncha ya mpira huruka na kuchapa pande zote, nayo ina uzito wa kuvunja mguu au kuua.

Maelezo haya yanahusu pampu za pistoni zinazokokotwa na gari, zenye mipira ya inchi 4 (milimita 100) au mabomba ya chuma ya inchi 5 (milimita 125), kwa kazi za Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani ambako saiti nyingi ziko mteremkoni. Msimamo wetu ni kwamba usafishaji ufanyike kwa maji kila inapowezekana. Hewa iwe njia ya mwisho, tena kwa mabomba ya chuma tu. Na klampu yoyote isiguswe kabla presha haijatolewa.

Hesabu kabla ya zege la mwisho

Mpira wa inchi 4 unabeba lita 7.9 za zege kwa kila mita. Bomba la inchi 5 linabeba lita 12.3. Mstari wa mita 60 wa mipira ya inchi 4 una karibu lita 470, yaani toroli nane za lita 60. Zege hilo lazima liwe na pa kwenda: ama uliingize kwenye hesabu ya slabu, ama uandae njia ya miguu, msingi wa uzio au kalibu za kulipokea. Asiyepiga hesabu hii ndiye anayeishia kulimwaga mtaroni giza likiingia.

Maji yanayohitajika ni ujazo wa mstari pamoja na ujazo wa hopa, beseni la pampu linalopokea zege. Kwa mfano wetu, tanki la lita 1,000 lililojaa linatosha kwa awamu moja. Usitegemee bomba la mtaa, kwa sababu maji yakikatika sponji ikiwa katikati ya mstari utabaki na zege lisilosogea mbele wala nyuma. Weka pia ndoo mbili za maji safi kando kwa ajili ya macho na ngozi, na zisitumike kwa kazi nyingine yoyote.

Sponji za duara ziwe mbili na ziwe pana kuliko mpira: kwa inchi 4 tafuta yenye milimita 125 hadi 150. Zilowekwe hadi zijae maji. Sponji kavu hukwama, na iliyolika hupitisha maji pembeni. Maji hayo yakipita huosha saruji na mchanga, kokoto zinabaki peke yake zikibanana, na mstari unaziba ukiwa ndio kwanza umeanza kusafishwa. Mfuko wa saruji wa karatasi uliolowekwa na kukunjwa, ukitangulia sponji, husaidia sana kuzuia hilo.

Muda nao uhesabiwe. Jua la Usangu mchana linakausha zege la mpirani upesi. Jioni ya baridi ya Makambako inakupa nafasi zaidi, lakini isikudanganye. Tangu pampu isimame, anza kusafisha ndani ya dakika 15. Ukilazimika kungoja, sogeza zege kwa mizunguko michache ya pistoni kila baada ya dakika chache, nyuma kisha mbele, watu wote wakiwa mbali na ncha.

Kutoa presha

Hii ndiyo sehemu inayohitaji subira kuliko zote. Usiache hopa iishe kabisa wakati wa kusukuma zege la mwisho. Zege likishuka chini ya panga za kuchanganyia, pistoni huvuta hewa, na mzunguko unaofuata huibana ndani ya mpira. Simamisha hopa ikiwa bado ina zege la kufunika mdomo wa silinda. Kisha rudisha nyuma mizunguko miwili hadi minne, zima, na uangalie geji, yaani kipimo cha presha.

Geji ikisoma sifuri usiridhike bado. Bonyeza mpira kwa mguu kila baada ya mita chache: uliotulia hubonyea, wenye presha ni mgumu kama gogo. Kwenye mteremko kuna jambo jingine. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita 10 za kupanda wima huacha presha ya bar 2.4 chini ya mstari hata pampu ikiwa imezimwa. Nyumba ya ghorofa mbili iliyojengwa juu ya barabara, na pampu imeegeshwa chini, inaweza kuwa na mita 15 za kupanda. Hizo ni bar 3.6 zinazomsubiri atakayefungua klampu ya chini. Mstari wa namna hiyo unahitaji lango la chuma la kufungia karibu na pampu. Kama huna, zege lote lirudishwe hopani kwanza.

Mstari unaoshuka una kasoro tofauti: zege hukimbia lenyewe na kuacha mapengo ya hewa sehemu ya juu. Hapo ncha ya mpira isikaribiwe wakati wowote pampu inapoanza upya. Umbali salama ni zaidi ya urefu wa kipande cha mwisho kilicho huru. Mpira huru wa mita 4 unaweza kufagia duara la mita 8 kutoka ukingo hadi ukingo.

Anayetoa ishara awe mmoja, yule anayeiona ncha. Ishara ni tatu: mbele, nyuma, simama. Ya kusimama inaweza kutolewa na yeyote, hata kibarua aliyefika saiti leo, na opareta aitii bila kuuliza. Ncha ikiwa nyuma ya nyumba, tumia simu ya upepo. Kupiga kelele kunapotea kwenye mlio wa injini.

Kuvuta nyuma: kwa mstari mfupi

Kwa mita 30 hivi, hasa mipira ikiwa juu kuliko pampu, hii ndiyo njia tulivu kuliko zote kwa sababu haijengi presha mpirani. Presha ikishatolewa na pampu ikiwa imezimwa, sukuma sponji iliyoloweka kwenye ncha, kisha zamisha ncha ndani ya pipa la lita 200 lililojaa maji. Ondoka, ndipo opareta aweke rivasi kwa mwendo wa chini. Sponji itafuata zege hadi hopani, maji nyuma yake. Mtu wa pipa aendelee kuongeza maji kwa ndoo bila kuikaribia ncha, maana pipa likikauka mpira utavuta hewa. Hopa nyingi hubeba lita 300 hadi 500, kwa hiyo fungua mlango wa chini na upokee zege kwa toroli mapema.

Nguvu ya kuvuta inatokana na uzito wa hewa ya nje. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ina presha pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Kwa hesabu tupu, pampu hapa haiwezi kunyanyua zege zaidi ya mita 3.5 kutoka chini, na msuguano unapunguza hata hizo. Mipira iliyoshuka bondeni usiivute. Isukume kwa maji.

Neno moja muhimu: ukishavuta nyuma, usibadilishe kwenda mbele kujaribu tu. Kama kuna hewa iliyoingia, hapo ndipo utakapoibana.

Kusukuma kwa maji: kwa mstari mrefu

Presha ikiwa sifuri, fungua klampu ya kwanza baada ya pampu. Simama ubavuni, usilipande bomba, funika kiungo kwa gunia nene, na ufungue kwa mpini unaoelekea mbali nawe. Toa zege kidogo kwa mkono wenye glavu, weka mfuko wa karatasi, kisha sponji, funga klampu na urudishe pini yake. Safisha hopa, ijaze maji, uanze kusukuma taratibu.

Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo pampu ikisimama nguvu nayo hufa karibu mara moja. Hata hivyo sponji hutoka kwa kasi, na hakuna mtu wa kushika ncha. Ilaze ndani ya shimo la kupokelea, ifungwe kwa kamba kwenye kigingi imara, na watu wasimame mbali. Zege zuri likikaribia kwisha, ncha iwe tayari imetoka kwenye slabu. Maji yanayofuata yataharibu nguvu ya zege mlilomwaga.

Kama mstari una vipande vitatu au vinne tu, kuna njia rahisi zaidi. Toa presha, fungua kipande kimoja kimoja, inua upande mmoja zege lijitoe, kisha pitisha sponji kwa maji. Kipande cha mita 3 cha inchi 4 kina karibu kilo 57 za zege, ukiacha uzito wa mpira wenyewe. Kibebwe na watu wawili.

Hewa ya kompresa

Mpira haupulizwi kwa hewa. Mstari wa lita 470 wenye hewa ya bar 7 unahifadhi hewa ambayo ikiachiwa itafumuka na kuwa zaidi ya lita 3,000 kwa kufumba na kufumbua. Tena zege linavyopungua ndani, msuguano unapungua, na kipande cha mwisho hufyatuka pamoja na sponji. Kwa mabomba ya chuma, upulizaji ufanywe na aliyefundishwa tu, kwa kichwa cha kupulizia chenye geji, valvu ya kuingiza hewa na valvu ya pili ya kuitoa. Mpira wa mwisho uondolewe kwanza, mdomo wa bomba ufungwe kikamata-sponji, na presha ipunguzwe kadiri zege linavyotoka. Kompresa ya hapa milimani hutoa hewa kidogo kuliko ya pwani, na kishawishi cha kuipandisha ni kikubwa. Isipandishwe.

Mpira ukiziba

Dalili ni geji kupanda ghafla na mpira kuruka-ruka. Rudisha nyuma mizunguko mitatu, kisha mbele polepole. Rudia mara mbili. Isipokubali, acha. Toa presha, halafu utafute kizibo kwa kubonyeza: mpira uliotolewa presha hubonyea, ila penye kizibo hubaki mgumu. Anza na kona, sehemu inayopungua kipenyo, na viungo vyenye gasketi iliyochakaa, kwa sababu panapovuja uji wa saruji ndipo kokoto hubanana. Mchanganyiko wenye mawe mepesi ya volkano ya kule Rungwe hunyonya maji yakibanwa, hivyo yalowekwe vizuri kabla ya kuchanganywa.

Usichungulie mdomo wa mpira. Usiugonge kwa nyundo wala kupitisha gari juu yake ili kupasua zege lililoganda; nyuzi za chuma za ndani hukatika bila kuonekana nje, na mpira huo utapasuka siku nyingine ukiwa na presha. Kumimina maji ya sukari pia hakusaidii hapa. Sukari huchelewesha saruji kuganda inapochanganyika nayo, lakini haipenyi ndani ya kizibo.

Hopa, ngozi, maji machafu

Mkono hauingii hopani hadi injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa anayesafisha, na presha ya akiba ya haidroliki imetolewa hadi sifuri. Bila hivyo, bomba la kubadilishia silinda lililo ndani ya hopa linaweza kucheza mara moja zaidi injini ikiwa imezimwa, na mara hiyo moja inakata mkono.

Miwani, glavu za mpira na buti ni lazima, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuzitoa. Uji wa saruji unaunguza ngozi polepole, mara nyingi bila maumivu mwanzoni. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali, hata kama jicho limetulia.

Maji ya kuoshea yaende kwenye shimo lililotandikwa nailoni nzito. Mita 2 kwa 1.5 kwa kina cha nusu mita linapokea lita 1,500. Liwe mbali na mifereji ya umwagiliaji na mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, na maji haya huua samaki. Masika funika shimo kwa turubai. Tope likikauka, livunjwe litumike kama kifusi.

Mwisho, kagua kila mpira ukiwa umenyooka: uvimbe, mkato unaoonyesha nyuzi, kichwa cha chuma kilicholegea. Ulio na kasoro ukatwe mara moja usirudi kazini. Kuanzia Juni hadi Agosti, Njombe, Makete na Kitulo hupata baridi ya kugandisha maji, kwa hiyo mwaga yote yaliyobaki mipirani na kwenye sanduku la maji la pampu, na uache mlango wa hopa wazi usiku.