Somo: Besi uliyonayo inataka nini kabla hujanunua nyingine

Wengi huniuliza swali lilelile: "Nimepiga gitaa la besi mwaka mmoja na nusu, sasa ninunue besi gani?" Huwa sijibu papo hapo. Nasema lete kwanza hiyo uliyonayo, tuilaze mezani. Mara nyingi tunakuta nyuzi zilezile ilizotoka nazo dukani, shingo iliyopinda na pikapu, yaani sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, iliyodidimia. Gitaa hilo mwenyewe hajawahi kulisikia. Kuliuza katika hali hiyo ni kumhukumu mtu aliyezibwa mdomo.

Somo linafuata njia ya sauti: kidole, uzi, shingo, pikapu, kebo, ampu (kikuza sauti), spika. Tengeneza kwa mpangilio huo. Kasoro iliyoingia mwanzoni mwa njia itakufuata hata ukiwa na spika kubwa kuliko zote.

Hatua ya 1: Taja ugonjwa

Andika sentensi moja. "Sauti yangu mbaya" haisaidii. "Uzi wa E unakwaruza kuanzia freti ya 1 hadi ya 4" inasaidia (freti ni vile vyuma vilivyopachikwa kukatiza shingo). "Nikiwa peke yangu nasikika, bendi ikianza napotea" inasaidia pia, na dawa yake iko mbali kabisa na ile ya kwanza. Asiyejua anaumwa wapi huona kila dawa inamfaa, na ndivyo watu wanavyojaza chumba vifaa huku tatizo likibaki palepale.

Hatua ya 2: Nyuzi

Seti ya kawaida ya nyuzi nne huandikwa 45 hadi 105. Hizo ni sehemu za elfu za inchi: unene wa uzi wa G, mwembamba kuliko wote, na wa E, mnene kuliko wote. Zenye msokoto wa duara zina mng'ao na mlio wa vidole. Nyuzi bapa ni laini, zina sauti nzito iliyotulia. James Jamerson, ambaye besi yake ilibeba nyimbo za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, miaka ya 1960, alipiga nyuzi bapa kwenye Precision, besi ya kampuni ya Fender, ya mwaka 1962 na hakuwa mtu wa kubadilisha nyuzi kila mara. Kwa hiyo sikuambii upya ni bora daima. Nakuambia chagua, badala ya kurithi ulichokikuta.

Badilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isipoteze mvuto wote kwa pamoja. Kabla ya kukata, pitisha kigingi kwa kama sentimita 10 hadi 12, ukunje uzi mahali utakapokatwa, halafu ukate mbele ya kunjo. Ukikata bila kukunja, msokoto wa nje unaweza kuteleza na uzi mpya ukafa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Marekebisho

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote, na gharama yake ni uvumilivu tu.

Anza na shingo. Ndani yake kuna fimbo ya chuma inayoshindana na mvuto wa nyuzi. Tyuni kwanza. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Sasa huo uzi ni rula. Tazama freti ya 7 au ya 8, umwambie mwenzako augonge uzi hapo kwa kidole: unapaswa kushuka kidogo sana na kutoa "tik" nyembamba. Nafasi yake ni kama milimita 0.3, unene wa kadi ya karatasi ngumu. Kama uzi umelala juu ya freti bila nafasi, shingo imenyooka kupita kiasi. Legeza nati ya fimbo hiyo kinyume cha saa. Kama pengo ni kubwa, kaza kwa mwelekeo wa saa. Robo mzunguko tu, tyuni tena, pima tena. Nati ikigoma, usiilazimishe, mpelekee fundi.

Fuata kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 2 kwa G na 2.5 kwa E ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwenye mkono mzito apandishe kidogo.

Kisha ulinganifu wa sauti. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ule mlio wa kengele, halafu bana freti hiyohiyo. Tyuna (kifaa cha kupimia noti) ikisema noti uliyobana imepanda, rudisha kikalio cha uzi, kile kipande uzi unapokalia upande wa mwili wa besi, nyuma, mbali na shingo. Ikisema imeshuka, kisogeze mbele.

Mwisho pikapu. Bana freti ya mwisho na uache kama milimita 3 kati ya uzi na pikapu. Ukiisogeza karibu mno, sumaku inavuta uzi na noti nzito zinayumba.

Kukwaruza nako kunajieleza. Kwenye freti za kwanza tu, angalia shingo. Kuanzia freti ya 12 kwenda juu, angalia kimo. Kwenye freti moja pekee, kuna freti iliyoinuka, na hiyo ni kazi ya fundi. Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, ukibana popote unapona, mfereji wa uzi kule mwanzo wa shingo umechimbika.

Hatua ya 4: Ampu na spika

Uzi wa E ulio wazi unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya mazoezi haiwezi kusukuma hewa kiasi hicho kwa nguvu. Unachosikia zaidi ni milio ya juu inayoambatana na noti, si noti yenyewe. Usiilaumu besi kwa hilo.

Watu hukimbilia wati. Kutoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaisikia kidogo. Kuongeza sanduku la pili la spika kwa kawaida kunaleta zaidi, ila soma nyuma ya ampu kwanza: masanduku mawili ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4, na ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa unaweza kuiunguza. Kati ya ampu na spika tumia waya wa spika. Kebo ya gitaa ina waya mwembamba mno kwa kazi hiyo.

Kuhusu kupotea ndani ya bendi, hili nimeliishi. Kwa miezi kadhaa nilipandisha sauti ya chini kabisa kwenye ampu kila ngoma ikinifunika, na kila nikipandisha nikazidi kuyeyuka. Mpiga ngoma ndiye aliyeniambia, "Nakuhisi tumboni lakini sijui unapiga noti gani." Nikarudisha sauti ya chini ilipokuwa, nikainua ya kati, pale hezi (mitetemo kwa sekunde) 400 hadi 800. Peke yake ilisikika chafu, kama mtu anayeongelea puani. Kikundi kilipoanza, kila noti ikawa mahali pake. Sipangi tena sauti nikiwa peke yangu.

Hatua ya 5: Sasa besi nyingine

Ukifika hapa na bado una sentensi ile uliyoandika, nunua kwa ajili yake. Precision ilitoka mwaka 1951, na tangu 1957 pikapu yake imegawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo wa umeme. Jazz, besi nyingine ya Fender, ilitoka 1960; shingo yake ni nyembamba pale mwanzo, karibu milimita 38 dhidi ya 41 au zaidi ya Precision. Ina pikapu mbili: zikiwa zote juu mvumo unatulia, ukiacha moja unarudi. Vidole vikilemewa, jaribu urefu wa uzi wa inchi 30 badala ya 34 ya kawaida. Uifunge mkanda, usimame, uachie mikono: kichwa cha besi kikianguka kuelekea sakafuni, bega lako litalipa kila siku.

Kwa iliyotumika, piga kila freti ya kila uzi na uhakikishe nati ya shingo bado inazunguka. Shingo iliyojisokota kama kitambaa kinachokamuliwa, iache.

Pedali, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu? Tyuna kwanza. Nyingine zitakuja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nihamie nyuzi tano?*

Marahaba. Nyimbo zako zinadai noti zilizo chini ya E? Kama ni D peke yake, shusha uzi wa E kwa toni moja nzima, umemaliza. Kama unahitaji hadi B, sawa, ila B ni hezi 31 hivi, na spika iliyokuwa ikihangaika na E itahangaika zaidi. Panga fedha za vyote viwili.

*Besi yangu ya betri imeanza kutoa sauti ya kupasukapasuka. Pikapu zimekufa?*

Badilisha betri ya volti 9 kwanza, dada. Na uchomoe kebo kila ukimaliza: kwenye besi nyingi za aina hiyo kebo ikiwa ndani ndiyo swichi, betri inaliwa usiku kucha.

*Naweza kutumia ampu ya gitaa la kawaida?*

Kwa sauti ndogo, ndiyo. Ukiipandisha, spika yake inaweza kuchanika, haikuundwa kwa mwendo mkubwa wa besi. Kama tatizo ni majirani, nunua kifaa cha kuunganisha na kompyuta chenye tundu la ala, si la maikrofoni tu, na hedifoni za kufunika sikio zima.

*Kaka, nibadilishe pikapu au niuze ninunue besi bora?*

Ipige kavu, bila ampu, ukibandika sikio kwenye pembe ya mwili wake. Noti zikidumu na shingo inakaa vizuri mkononi, gitaa hilo linastahili pikapu mpya. Noti zikifa mapema popote unapobana hata baada ya nyuzi mpya na marekebisho, pikapu haitakuwa na cha kuokota. Na kama shida ni vitufe vinavyochakacha tu, nyunyizia dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme ndani ya kitufe, ukizungushe mara ishirini, halafu uniandikie tena.